Shahidi wa Kumi na Tisa

Wete, ukumbi wa skuli. Karani auliza mwaka.
Mwaka mikarafuu ilipogoma kuzaa, namwambia.
Faki katolewa usiku na ndara moja.
Ya pili hii hapa, mezani. Iandikeni.

"Waliomchukua wawajua?"

Feni yalalama.
Natazama kikombe changu:
chai ya mchaichai, sukari vijiko viwili,
nipendavyo, wala sikuulizwa.

Aliyeimimina yuko mlangoni na birika.
Twazikana, twaozeana.
Kila alfajiri huniamkia, namwitikia,
mwiba wa changu kooni.

Usifute, karani.
Andika: shahidi kanyamaza,
kisha kaomba kikombe cha pili,
kiletwe na mkono uleule,
kisogezwe hapa,
kando ya ndara.