Kitako cha Darubini

Pesa zote nilitaka zimezwe na kioo.
Msellem, fundi saa wa Kibokoni, akanicheka:
jicho kubwa, shingo yatetemeka, litaona nini?

Kweli. Kilimia ilitoka kwenye kamera
kama tambi. Dakika mbili tu,
dunia haikunisubiri.

Nikanunua uzito, basi: kilo kumi na nne za chuma,
mota yenye subira kunishinda.
Darubini yenyewe ndogo, yaenea kikapuni.

Lakini maelekezo wameyaandika watu wa baridi:
"Lenga mhimili kwenye nyota ya kaskazini."
Hapa Tudor nani kaiona?
Ncha ya kusini nayo, digrii nne tu juu ya upeo,
nyuma ya tangi la maji la kina Rehani,
na skrubu ya mhimili yagoma kwenye kumi na tano.

Kumi na moja zilizobaki
nimezitafuta stoo, uvunguni, jikoni.
Mguu wa kaskazini sasa umepanda
mbuzi ya nazi ya mama.

Dakika tatu. Nne. Kila nyota duara, imetulia.

Toka chini, sauti:
"We Shuweikha! Nazi hii nikunie meno?"