Deraya ya Zamu ya Usiku

Saa nne usiku, Mafinga, mwezi wa saba.
Mbao za paini zimepangwa kupita kichwa changu,
zinanuka utomvu na dizeli.
Nimevaa koti la kampuni. Kifuani limeandikwa KIHWELE.
Kihwele aliacha kazi mwaka juzi,
akaacha na mabega yake humu ndani;
mikono yangu haifiki mwisho wa mikono yake.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako.
Hili linasitiri hadi magoti,
na wanalikata kwenye mshahara, elfu tano kila mwezi,
mabega ya Kihwele yakiwemo.

Filimbi, tochi, rungu. Na simu yenye ufa,
na nyuma ya ufa, paladini wangu.
Nimempa jina Pawaga, kwa sababu kule kuna joto.
Ana dhahabu mia tisa na shati la ndani tu:
jana joka lilimtafunia deraya yote,
dirii, chapeo, hata kiatu cha kushoto.
Saa sita lango la barafu linafunguliwa
na watu wanne wamekubaliana kujificha nyuma yake.

Muuza silaha ana ndevu na subira.
Anatandaza.

Deraya ya Malaika. Ulinzi mia nne na kumi.
Inang'aa kama sufuria ya harusi.
Vikombe viwili vya chuma kifuani,
mapaja yameachiwa upepo, na kitovu,
kitovu kiko nje, kinaitazama barafu.
Aliyeishona aliwahi kuamka Sao Hill asubuhi ya sakitu?
Akiivaa mwanamume, duka lilelile, bei ileile,
inamfunika mpaka kidevuni.
Nimejaribu. Nimemgeuza Pawaga mwanamume,
nikatazama, nikamrudisha.

Deraya ya Mchimbaji. Ulinzi mia mbili na sitini.
Rangi ya kaango lisilosuguliwa.
Ina shingo. Ina mikono.
Ina kitu kama sketi ya mabati.

Lwitiko ananiandikia kutoka Tukuyu.
Hatujawahi kuonana. Yeye ni mchawi wa kanzu,
kila vita hufa wa kwanza.
"Dada, angalia namba. Kitovu ni picha tu.
Ongeza ulanzi."

Alitaka kuandika ulinzi.
Nacheka peke yangu mpaka mbwa anasimama.
Msimu wa ulanzi umeshapita, namjibu,
huku umebaki ulinzi mtupu,
laki na themanini kwa mwezi.

Lakini anasema kweli.
Tofauti ya mia na hamsini ni mapigo matatu ya joka,
na mapigo matatu ni Lwitiko kuvuka mlango akiwa hai.
Sina hoja. Nina baridi.

Kisha kitu kinalia kati ya mirundo.

Nazima simu. Rungu.
Natembea, mabega ya Kihwele yakinitangulia,
na najua jambo ambalo simwambii mtu:
gizani mwizi hanioni mimi, anaona koti.
Anapima upana. Anaamua.

Ni ubao. Baridi ikikaza, mbao hupasuka,
hulia kama mtu anayevunja vidole.
Naumulika hata hivyo.
"Nimekuona," nauambia.

Saa sita kasoro dakika mbili, chaji asilimia kumi na moja,
nikanunua ya Mchimbaji.
Chenji nikamnunulia Lwitiko kofia ya sufi,
ulinzi kumi na mbili.
Akaandika: asante kwa ulanzi.

Tulikufa lango la pili.
Safari hii nilitangulia mimi,
na mchawi akabaki amesimama juu yangu sekunde nne nzima
na kofia yake, akirusha cheche zisizomuumiza mtu.
Kabla simu haijazima nilimwona Pawaga kwenye theluji,
amelala chali,
vifungo vyote vimefungwa, mpaka kooni.