Tik

Asubuhi msumeno wa meza ulikataa.
Haukunyamaza, la; ungenyamaza ningejua pa kuanzia.
Uliguna. Mmm, kama mtu anayedaiwa
na hataki kusema lini.

Nikazima upesi. Mota inayoguna bila kuzunguka
hujipika yenyewe, na harufu ya waya uliopikwa
naijua tangu karakana ya Mpwapwa,
nilipomuunguzia mwalimu wangu mashine
akanikata mshahara hadi masika.

Basi nikaanza na kilicho karibu.
Plagi: nzima. Soketi: testa ikawaka.
Waya nikaufuata kwa vidole, shibiri kwa shibiri,
chini ya maranda, hadi nyuma ya pipa la gundi
ambako panya hupenda kutafuna: hawakuutafuna.
Umeme mdogo, akasema Chilongani wa kuchomea mageti.
Kwake kila ugonjwa ni umeme mdogo,
na huku mashine yake inatema cheche kama kawaida.

Nikavua mkanda. Nikazungusha puli kwa mkono:
laini, beringi hazina neno.
Nyendo, washa.
Mmm.
Nikaisukuma puli kwa kijiti
(kijiti, si kidole; vidole vyangu ni tisa na nusu tayari)
ikaondoka! Ikazunguka kama haijawahi kuugua.
Nikazima, nikawasha tena: mmm.

Ikitaka kusukumwa ndipo iende, hiyo ni kapasita,
nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma.
Nikapanda bodaboda kutoka Kizota hadi mjini,
upepo wa Agosti ukinitia mchanga kwenye meno,
nikakopa kapasita mpya, elfu kumi na nane,
jina langu likaandikwa daftarini
chini ya majina ya watu ninaowaheshimu.

Na huko Hombolo zabibu zinaiva.
Mama Mbeleje anataka kreti arobaini kabla ya Jumamosi.
Zabibu haijui habari za mota. Ikiiva imeiva,
ukichelewa, nyuki wanakula bila kreti.

Nikaifunga ile mpya. Nikawasha.

Mmm.

Nikakaa juu ya kigogo, sina la kusema.
Ndipo Nyendo, mwezi wa tatu kazini,
anayeshika ufagio kuliko anavyoshika randa,
akauliza kwa nini jana jioni haikusema tik.
Tik gani?
Ile ya mwisho, fundi. Ukizima, inazunguka, inachoka,
ikikaribia kusimama, ndani kitu kinasema tik.
Jana haikusema.

Miaka kumi na tisa nasukuma mbao kwenye meza hii.
Hiyo tik nadhani nimeisikia kila siku,
kama unavyomsikia mkeo akifunga mlango.

Tukafungua kifuniko cha nyuma.
Swichi ya ndani, ile inayorudi mahali pake
kila mota inapopunguza mwendo,
ili kesho ipate pa kuanzia,
ilikuwa imerudi karibu kabisa. Karibu.
Kati ya ncha mbili za shaba, sisimizi mmoja,
mkavu, amebanwa kiunoni,
upande mmoja umeungua.
Jioni za Agosti huku zina baridi; labda alifuata joto.

Nikampuliza. Nikasugua ncha kwa kipande cha msasa mkuukuu.

Washa.

Sijui niielezeje. Maranda yaliruka,
nikapasua ubao wa kwanza wa Mama Mbeleje
bila hata kuvaa miwani.
Lakini katikati ya ubao wa pili nikazima.
Chilongani naye akazima ya kwake, akidhani umeme umekatika,
akaja mlangoni kuuliza tunangoja nini.
Nyendo akainua mkono: subiri.
Diski ikazunguka. Ikachoka.

Tik.

Kapasita ya zamani nimeirudisha kwenye nafasi yake.
Ile mpya nimeifuta vumbi, nimeifunga kwenye gazeti;
kesho nitaipeleka dukani, kama atakubali kuipokea.