Tundu la Uzio

Mara tisa nimeliziba tundu hili.
Manispaa ya Laval hunilipa kwa saa;
mimi na koleo langu na waya mpya
hatuulizi nani kakata, wala kwa nini.

Ng'ambo ya uzio kuna kituo cha basi.
Hatua sitini, nimezihesabu.
Kwa barabara ni kilomita tatu,
maana mitaa hii ilichorwa na mtu
aliyedhani kila mguu una injini.

Mara ya nne, uzi mwekundu wa sufu
umenasa kwenye waya.
Ya sita, mkwaruzo wa tairi thelujini,
jembamba, la baiskeli ya mtoto.
Ya nane nikamfumania Bi Ghislaine Thibodeau,
miaka sabini na minane,
leseni imekwenda na nuru ya jicho la kushoto,
mguu mmoja huku, mmoja kule.
"Nishike mkono kwanza," akasema, "kisha uzibe."
Nikamshika.
Nikaziba.

Leo karatasi ya kazi inasema: ng'oa.
Mita mbili tu, lami kidogo, taa moja.
Bwana Pelchat wa nyumba ya pembeni
katoka na kikombe chake kuuliza
wezi sasa watapitia wapi.
Palepale, nikamwambia. Barabarani, kwa gari.

Saa kumi na moja jioni Mirlande,
muuguzi wa zamu ya usiku,
anakuja mbio, basi linakaribia,
anafika penye uwazi
na kuinama, kichwa chini, koti kalikusanya,
anapita chini ya waya usiokuwepo.

Mgongo wake haujapata habari.