Karata ya Thelathini na Moja

Kabla hajarudi Rotterdam, mwanangu Ksawery
aliniwekea mchezo kwenye simu.
"Zamu ya usiku ni ndefu, Mama, nawe husinzia."
Mashujaa tisa wakajipanga kiooni:
mwenye radi, mwenye shoka, mwenye mbwa mwitu wawili,
na pembeni kabisa, kama aliyechelewa kupigwa picha,
mwanamke mfupi mwenye sindano.

Mshona Viraka. Uwezo wake:
lipa fuwele mbili,
karata yako iliyokufa mwisho irudi mkononi
ikiwa na uhai mmoja tu.

Ksawery akacheka. "Huyo hachaguliwi na mtu."
Nikamchagua.

Miaka ishirini na sita nilipiga mapindo ya makoti
katika kiwanda cha matofali mekundu, hapa hapa Łódź,
hadi cherehani zetu zikauzwa kwa kilo,
ukumbi ukawa duka la viatu
na ua wa nyuma ukawa maegesho ninayoyalinda.
Uhai mmoja naujua.
Nimeona suruali ikiishi huo mmoja miaka kumi.

Karata thelathini, mchezo hauongezi.
Usiku wa kwanza nilijaza majitu:
joka la fuwele tisa, jitu la barafu,
kila niliyempenda kwa sura.
Nilikufa kabla sijashusha hata mmoja.
Na jitu likifa, ukalirudisha na uhai mmoja,
bado ladai fuwele zake tisa, zote,
kama bwana aliyefilisika
anayeagiza chakula kwa sauti ile ile.

Nilikuwa nimekata kitambaa kabla ya kupima mtu.

Nikafumua. Nikaanza na mkono wake, ule wa sindano,
nikauliza kila karata swali moja:
wewe ukifa, utaniachia nini?
Joka likanyamaza. Nikalitoa.
Panya wa Ghala akasema: nikifa, utavuta karata.
Mtoto wa Mshumaa: nikifa, namchoma mmoja wao.
Mjane wa Kinu hakungoja hata kufa,
akiingia tu mlangoni huniponya mbili,
uhai wake mmoja au kumi, kwake ni mamoja.
Wote wa fuwele moja, wote wa bei ya chumvi.
Wafe, warudi, wafe, warudi,
uzi juu, uzi chini.

Zdzich wa lango la pili akachungulia begani.
"Unashinda?"
"Nashona."

Zikabaki thelathini na moja.
Ya ziada: Bata Maji wa Fedha, zawadi ya Ksawery,
aliyoinunua kwa pesa halali siku niliyotimiza sitini.
Fuwele saba. Mabawa yake humeta ukiinamisha simu.
Hana kazi, hata ya dakika moja,
kwa mwanamke wa sindano.
Saa tisa usiku, theluji ikijaza vioo vya magari,
nilimwingiza, nikamtoa Panya.
Nikamrudisha Panya. Nikamwingiza tena.
Kisha nikamtoa, upesi,
kama unavyong'oa plasta.

Mwenye radi alinijia alfajiri, mtu wa mbali, sijui wapi.
Akamuua Mjane mara nne.
Mara nne nikamrudisha, naye akanirudisha mimi.
Nilimwona akisita, karata yake ikielea,
hajui ampige nani,
maana anayestahili kupigwa alikuwa mdogo mno.
Mara ya tano nilipungukiwa fuwele moja.
Moja! Radi ikaniangukia.
Sikukasirika. Nilishaanza kuhesabu
ni nani wa kumpunguza ili ile moja ipatikane.

Asubuhi Ksawery akapiga.
"Umemchezesha Bata wangu?"
"Bado."
"Yuko wapi?"
"Kabatini," nikasema, "pamoja na koti la baba yako."
Akanyamaza kidogo, nami pia,
mpaka gari likapiga honi langoni
na ikawa zamu yangu.