Saa Nne Hadi Saa Nne

Kazi yangu, hapa Niamey, ni kupima hewa.
Natia nukta mbili, kompyuta inanyoosha uzi,
nasoma: hadi Ouagadougou, kilomita mia nne na kitu,
dakika hamsini na tano, upepo ukiwa kisogoni.
Naandika mafuta ya kwenda, mafuta ya kukosea njia,
na yale ya nusu saa ya kuzunguka angani bure
endapo chini hapajawa tayari kukupokea.
Natia sahihi. Rubani anaondoka.
Chai yangu imeshapoa.

Baba hakuuamini uzi huo hata siku moja.
Miaka ishirini na sita, lori la vitunguu.
"Mia nne? Labda kwa nzige."
Kwake Ouagadougou ilikuwa tairi mbili za spea,
birika saba za chai, forodha zenye njaa,
usiku mmoja wa mbu pale Fada,
na Tiraogo, utingo wake, juu ya magunia,
akimtania tangu Torodi hadi Koupéla:
"Dereva gani wewe! Hata vitunguu vinakulilia!"

Kisha njia ikafa.
Haikufa kwa mafuriko, yale huondoka.
Watu wa bunduki waliikalia,
na lori likapanda juu ya matofali uani kwetu;
kuku wanatagia penye usukani.

Jumanne, alfajiri, simu. Tiraogo.
Maziko leo, baada ya adhuhuri.
Nilikata tiketi mbili,
nikapiga hesabu ya ndege hiyo kwa mkono wangu mwenyewe,
nikairudia, mimi nisiyerudia.

Baba dirishani, kanzu ya Idi,
vitunguu vitatu vimefungwa kwenye leso mapajani.
Hakuogopa. Alikuwa anatafuta barabara.
"Ile si Kantchari? Ile pale?"
Chini palikuwa na vumbi, na juu ya vumbi, vumbi.
Soda yake hakuimaliza, tukaambiwa tufunge mikanda.

Ukutani, ukumbi wa kuwasili: saa nne.
Mkononi mwake: saa tano.
"Bibata. Tuliondoka saa ngapi?"
"Saa nne, Baba."
"Na tumefika?"
"Saa nne."
Nikaanza habari za longitudo, za nchi na majira yake.
Akaniinulia kiganja kama anavyosimamisha mbuzi.

"Basi hii saa si ya mtu."
Akaketi kwenye benchi la chuma, karibu na mizigo.
Teksi zilituita, zikachoka.
Alikuwa akisema peke yake, kwa Kimore chake cha barabarani,
matusi, nadhani, yale aliyobaki akidaiwa
tangu njia ilipofungwa. Mara acheke. Mara angoje jibu.
Sikumharakisha. Ninazijua sheria za kuzunguka angani:
huteremki mpaka uambiwe chini pako tayari.
Ila mimi huwa naandika nusu saa.
Yeye alihitaji nzima.

Saa tano, kwa saa ya ukuta, alisimama.
"Twende tukamzike."

Jioni mjane alifungua leso, akahesabu, akahesabu tena,
macho mekundu, mdomo ukipambana na kicheko:
"Seyni! Vitatu?
Lori zima lilikuwa likipita hapa."

Kurudi, ile saa tulidaiwa.
Tuliruka saa kumi, tukatua saa kumi na mbili, giza.
Baba hakuuliza.
Alikuwa amelala, saa ya mkono haijaguswa,
bado inasema kweli.