Chanja Mbuga

"Chanja mbuga, we Lugano,
gari la majani halingoji!"
Mama ananisukuma, kikapu mgongoni,
chai mbichi imeanza kupata joto.

Nichanje mbuga gani, Rungwe hii?
Hapa ni mteremko, utelezi, migomba,
ukungu umemeza hata mizani.

Aliyeutunga msemo huu
alitoka bondeni, labda Usangu:
nyasi kifuani, njia hakuna,
akazipasua kwa magoti kama achanjaye kuni,
na nyuma yake zikajifunga tena.

Mimi nashuka kwa makalio.
Nafika, matairi yameacha mistari miwili topeni,
karani Mwaisumo anafunga daftari.

"Na wewe umechanja nini?"

Namwonyesha goti.